Korongo Lililochimbwa na Jembe: Tathmini ya Hifadhi ya Providence Canyon, Georgia

Kusini-magharibi mwa jimbo la Georgia nchini Marekani, kiasi cha kilomita 240 kutoka Atlanta na karibu na mpaka wa Alabama, ipo hifadhi ya jimbo yenye ekari 1,003 ambayo familia nyingi za wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Clarkston, Decatur na vitongoji vingine vya Atlanta hazijafika, na baadhi hata jina lake hazijalisikia. Inaitwa Providence Canyon. Mwisho wa wiki familia hizo huenda Stone Mountain kwa sababu ni jirani, au hupanda kaskazini kuona maporomoko ya Amicalola, na sehemu zote mbili zinapendeza. Hata hivyo, mtu akiniuliza ni mahali gani ndani ya Georgia panapostahili siku nzima ya mtu aliyezaliwa katika nchi ya wakulima, Providence Canyon ndiyo nitakayoitaja kwanza. Katika tathmini hii nitaeleza kwa nini, pamoja na yale ambayo msafiri anapaswa kuyafahamu kabla hajaingia barabarani.

Kinachoonekana pale ni makorongo, na ni makorongo makubwa. Watu wa Georgia huiita hifadhi hii Grand Canyon Ndogo, lakini anayetarajia bonde moja refu lenye mto, kama lile la Arizona, atakuta kitu tofauti kabisa: makorongo mengi yaliyopangana ubavu kwa ubavu, yaliyotenganishwa na kuta nyembamba za udongo, mengine yakiwa mafupi yenye vichaka, mengine yakiwa yamechimbika hadi kufikia mita 46 hivi kwenda chini. Kuta hizo ni za mchanga na mfinyanzi, hakuna mwamba. Juu ni nyekundu iliyokolea, katikati huja rangi ya chungwa, ya waridi na ya zambarau iliyofifia, na humo humo hupita mikanda myeupe ya udongo uitwao kaolini, ambayo jua la asubuhi likiipiga huwezi kuitazama kwa muda mrefu. Wekundu unatokana na chuma kilichoshika kutu ndani ya udongo, na zambarau hutokana na manganisi.

Matabaka hayo yalitandazwa na maji katika zama ambazo sehemu hii ya Georgia ilikuwa pwani ya bahari, kati ya miaka milioni 74 na milioni 59 iliyopita. Makorongo yenyewe, kwa upande mwingine, yana umri usiozidi miaka 200 hivi. Providence Canyon imo katika orodha ya maajabu saba ya asili ya Georgia, nami naona heshima hiyo inastahili kwa uzuri wake, ila neno "asili" haliendani na historia yake, kwa sababu shimo hili lote limetokana na kilimo kibaya. Huo ndio upekee wa hifadhi hii, na ndiyo sababu ya mimi kuiandikia kwa kirefu.

Historia hiyo ni ya huzuni tangu mwanzo wake. Ardhi ya eneo hili ilikuwa ya watu wa Muscogee, ambao walowezi waliwaita Creek, na walinyang'anywa kwa mikataba ya mwaka 1825 na 1826. Mwaka 1827 serikali ya Georgia iliigawa ardhi hiyo kwa walowezi kwa njia ya bahati nasibu. Wenye mashamba walikuja na Waafrika waliowafanya watumwa, misitu ikafyekwa, pamba ikapandwa, na plau zikapitishwa miteremkoni bila matuta wala makingamaji. Kufikia mwaka 1850 tayari mashamba yalikuwa na mifereji yenye kina cha mita moja hadi moja na nusu. Anayefahamu udongo anajua kwamba mfereji wa kina hicho hauzibwi tena kwa jembe la mkono.

Namna mifereji ile ilivyogeuka kuwa makorongo inaeleweka vizuri zaidi mtu akiwa amesimama mbele ya ukuta wenyewe. Tabaka la juu ni udongo mwekundu wenye mfinyanzi, ambao ni mgumu kiasi na ambao kwa maelfu ya miaka ulikuwa umeshikwa na mizizi ya miti. Chini yake kuna mchanga mnene usioshikamana, ambao wanajiolojia wameupa jina la hapahapa Providence. Maji ya mvua yalipokosa miti ya kuyapunguza kasi yalikata lile tabaka jekundu, na mara yalipoufikia mchanga kazi ikawa nyepesi, kwani mchanga ule huchotwa na maji bila ukinzani wowote. Isitoshe, maji yanayonywea ardhini hutokeza tena chini ya ukuta, hulainisha kitako chake, na kipande kizima cha juu hukosa pa kukalia, kikaporomoka. Ndiyo maana kuta zimesimama wima na hazikulala kama miteremko ya kawaida. Siku hizi sakafu za makorongo zimeanza kutulia kwa sababu miti imeota huko chini, lakini kingo za juu bado zinarudi nyuma kila mvua kubwa inaponyesha.

Ushahidi mmoja wa nje ya makorongo unasaidia kuipima kasi ya mambo yale. Ng'ambo ya barabara kuna kanisa la Kimethodisti la Providence, ambalo ndilo lililoipa hifadhi jina lake. Jengo la sasa ni la mwaka 1859. Lile la kwanza, lililojengwa mwaka 1832, lilimezwa na korongo. Kwa hiyo ndani ya kizazi kimoja, watu waliobatizwa katika kanisa la kwanza walilazimika kujenga la pili mahali pengine kwa sababu ardhi iliyokuwa chini yake ilikuwa imekwenda na maji. Napendekeza kila mgeni alione kanisa hilo na makaburi yake, ama kabla ya kuingia hifadhini ama baada ya kutoka, kwa sababu bila hilo mtu anaweza kudhani kwamba anatazama kazi ya mamilioni ya miaka.

Mimi ni mzaliwa wa Kondoa, mkoani Dodoma, na kwetu makorongo yanafahamika. Milima ya Irangi iliharibika kwa kilimo na malisho hadi serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoathirika zaidi ili majani yapate kuota. Mama yangu alikuwa msichana mkubwa wakati huo. Alipokuja kututembelea nilimpeleka Providence, na aliposimama kwenye uzio wa ukingoni alikaa kimya, kisha akasema, "Haya ni makorongo, mwanangu. Haya tunayajua." Mwanangu, ambaye amezaliwa huku, akamuuliza, "Bibi, na kwenu yako marefu hivi?" Akamjibu kwamba ya kwao si marefu hivi, ila yalikula mashamba ya watu vivyo hivyo, na akaanza kumweleza namna walivyochimba makingamaji kwa mikono na namna ng'ombe walivyoswagwa kwenda mbali huku wenyewe wakilia. Mtoto alimsikiliza kwa makini ambayo sijamwona nayo katika somo lolote la shule. Sijui hifadhi nyingine ya Georgia ambayo ingewapa mazungumzo hayo.

Sasa niieleze ziara yenyewe. Wageni wengi hukosea kwa kutosheka na ukingoni. Kutoka maegesho hadi sehemu za kutazamia ni hatua chache, kuna uzio imara, na mandhari ya kutoka juu ni ya kupendeza mno, hasa jioni jua linapokuwa upande. Kwa wazee wasioweza kupanda mlima, kutazama kutoka juu kunatosha na kunafurahisha. Lakini mwenye miguu mizima asiondoke bila kushuka chini. Njia ya kushuka huanzia jirani na kituo cha wageni, inapita kwa kona kona chini ya misonobari na mialoni, na ni fupi. Robo saa haipiti kabla hujafika sakafuni, hata ukiwa na mtoto mdogo.

Ukifika chini unakuta maji. Hata wakati wa kiangazi, maji membamba yanayotoka chini ya kuta hupita juu ya mchanga, pengine kwa kina cha kidole, pengine yakifika kifundo cha mguu baada ya mvua, na njia ya kuingia katika makorongo ni humo humo majini. Hakuna madaraja wala mbao za kukanyagia. Mtu aliyevaa viatu vyeupe atavipoteza, kwa sababu udongo mwekundu wa Georgia ukishaingia kwenye kitambaa hautoki kwa sabuni yoyote niijuayo. Watoto huipenda sehemu hii kuliko zote, na nashauri waachwe wakanyage maji wapendavyo, ilimradi wamebebewa nguo na viatu vya kubadilisha.

Makorongo yamepewa namba, na vibao vinamwelekeza mgeni. Namba 4 na 5 ndiyo yenye kuta ndefu na rangi kali zaidi, kwa hiyo mwenye muda mfupi aanze huko. Ingia korongo namba 5 hadi mwisho wake, mahali ambapo kuta zinakuzunguka pande tatu na sauti za watu walio nyuma zinapotea, kisha usogelee ukuta bila kuugusa. Nilifanya hivyo asubuhi moja baada ya mvua ya usiku. Katika tabaka jeupe mchanga ulikuwa na mistari ya mshazari, myembamba kama iliyopigwa kwa rula, ambayo imeachwa na mikondo ya maji ya ile pwani ya kale. Mstari mmoja uliegemea kulia, ule wa juu yake ukaegemea kushoto, kufuatana na maji yalivyogeuka. Chini zaidi udongo ulikuwa wa kijivu wenye punje ndogo za ulanga zilizometameta. Kwenye rundo la udongo ulioporomoka usiku huo, matone ya mvua yalikuwa yamechonga vijiguzo vyenye urefu wa kidole, na kila kijiguzo kilibeba kokoto kichwani. Kokoto ilikuwa imezuia tone, udongo uliokuwa chini yake ukabaki, na wa pembeni ukachukuliwa. Mbele ya macho yangu kulikuwa na somo zima la uhifadhi wa udongo: kilichofunikwa kinabaki, kilichoachwa wazi kinakwenda.

Juu, kwenye mdomo wa korongo hilohilo, msonobari mmoja ulikuwa umebaki na nusu ya mizizi yake hewani. Uliponing'inia pale niliweza kuona unene wa udongo wa juu ambao ulikuwa ukiulisha, na ulikuwa mwembamba kuliko urefu wa mkono wangu. Chini ya hapo zilifuata mita nyingi za mchanga usiofaa kuotesha kitu. Pamba yote iliyouzwa kutoka vilima hivi ilitoka katika ule unene wa mkono.

Neno kuhusu kaolini. Akina mama wa kwetu wanaokula udongo wakati wa ujauzito watautambua mkanda ule mweupe mara moja, na watashangaa kusikia kwamba desturi hiyo ipo Georgia pia, ambako udongo mweupe huuzwa katika vifuko madukani, na ambako watu wengi wanaoifuata ni vizazi vya Waafrika walioletwa kulima mashamba haya haya. Hata hivyo kumega kuta za hifadhi hairuhusiwi, iwe kwa kula au kwa kumbukumbu, na kwa usalama wa mtu mwenyewe pia haifai, kwani ukuta unaomegwa chini huanguka kutoka juu. Nimeona pia majina ya watu yaliyochorwa kwa vijiti na funguo kwenye mchanga laini. Inaumiza kuona kazi kama hiyo, na mzazi anayefika na watoto awaeleze mapema kwamba ukuta ule haushiki tena kilichokwanguliwa.

Baada ya sakafu, ipo njia ya mzunguko yenye urefu wa kilomita 4, iliyowekwa alama nyeupe kwenye miti, ambayo hukupandisha tena juu na kukuzungusha kwenye kingo za makorongo tisa. Kupanda ni kukali kwa muda mfupi, kisha njia hulala. Ningeshauri kila mtu mwenye afya aimalize, kwa sababu makorongo yanaonekana tofauti kila unapobadilisha upande, na kwa sababu ndani ya msitu, kando ya njia, kuna magari mabovu ya miaka ya 1950 yaliyoachwa mahali palipokuwa na makazi ya watu. Wasimamizi waliamua kuyaacha kwa sababu kuyaondoa kungeharibu miti na wanyama waliokwisha kuyazoea, na mti umeota pale ambapo injini ilikaa. Wengine watayaona kama takataka. Mimi nayaona kama sehemu ya historia ileile, ya watu waliojaribu kuishi kwenye ardhi iliyochoka na mwishowe wakaondoka. Wilaya ya Stewart, ambamo hifadhi hii imo, ilikuwa miongoni mwa sehemu tajiri kwa pamba kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na katika sensa ya mwaka 2020 ilikuwa na watu wazidio kidogo 5,000.

Wenye nguvu zaidi wanayo njia nyingine ya kilomita 11 yenye alama nyekundu, inayozunguka msitu wa nyuma na kupita kwenye maeneo ya kupiga kambi. Kwa maoni yangu njia hiyo ni kwa wapenda msitu, si kwa watafutaji wa makorongo, kwani sehemu kubwa yake haina mandhari ya kuta. Anayetaka kulala hifadhini alale kwenye hema, maana nyumba za wageni hazipo humo. Vyumba vya kukodi vinapatikana katika hifadhi ya jirani ya Florence Marina, kando ya ziwa Walter F. George, na wanaopenda mji wanaweza kulala Columbus, ambako ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari.

Kuhusu majira, wengi watakuambia uende kiangazi, na kiangazi kina sababu moja kubwa, ambayo ni azalea ya kienyeji yenye maua mekundu ya rangi ya chungwa. Mmea huu ni adimu. Kwa asili huota tu katika sehemu chache za mpaka wa Georgia na Alabama, na huchanua Julai na Agosti wakati azalea nyingine zimekwisha kupukutisha maua yake. Unaota chini, kwenye unyevu wa makorongo, na ua lake likiwa mbele ya ukuta mweupe ni jambo la kusafiria. Lakini joto la Julai kusini mwa Georgia ni kali na lenye unyevu, kama lile la Tanga mwezi wa Februari, na sakafuni upepo haufiki. Mbu wapo, kupe wapo, na kuna mmea wa kuwasha wenye majani matatu matatu ambao watoto wasiguse. Kwa sababu hizo mimi hupendelea miezi ya Novemba hadi Machi, miti inapokuwa imepukutisha majani na kuta zinaonekana kutoka pande zote, na mtu anaweza kutembea mchana kutwa bila kuchoka. Anayetaka maua aende Agosti, aingie lango linapofunguliwa saa 1 asubuhi, na awe ametoka sakafuni kabla ya saa 5.

Gharama ni ndogo mno ukilinganisha na unachopata. Hakuna kiingilio cha kila mtu. Hulipwa maegesho ya gari kwa siku, na nilipokwenda mara ya mwisho yalikuwa dola 5 kwa gari dogo, kwa hiyo familia ya watu sita hutumia pungufu ya gharama ya chakula cha mtu mmoja barabarani. Kituo cha wageni kina maelezo mafupi ya jiolojia na historia, vyoo na maji, na nje kuna meza za kulia chini ya miti. Chakula lazima ubebe. Mji wa Lumpkin ulio karibu ni mdogo sana, na anayetoka Atlanta afanye ununuzi na ajaze mafuta akiwa Columbus. Vilevile asitegemee mtandao wa simu. Ramani ipakuliwe mapema. Saa ya kufunga hubadilika kwa msimu, hivyo mgeni aiulize anapoingia, kwa sababu anayechelewa sakafuni hulazimika kupanda kwa haraka.

Yapo mambo ambayo ningependa yawe bora. Sakafu haifikiki kwa kiti cha magurudumu wala kwa kigari cha mtoto, na kwa hali ya udongo wenyewe sidhani kama linaweza kurekebishwa bila kuharibu mahali, ila mwenye mgonjwa au mtoto mchanga ajue hivyo kabla, abebe mtoto mgongoni kwa kanga kama desturi, na mgonjwa afurahie ukingoni. Siku za Jumamosi za majira ya kuchipua huwa na watu wengi, na korongo namba 4 hugeuka uwanja wa kupigia picha. Jumatano au Alhamisi ni tulivu zaidi. Na siku ya mvua kubwa usishuke kabisa, hata kama umetoka mbali, kwa sababu hapo ndipo kuta huporomoka.

Kuna swali ambalo wenzangu hunijibu nalo ninapoisifu hifadhi hii, nalo ni kwamba je, si vibaya kwenda kufurahia uharibifu? Swali hilo lina uzito, na halikuanza leo. Katika miaka ya 1930, wakati serikali ya Marekani ilipoanzisha idara ya kuhifadhi udongo mwaka 1935, makorongo ya Stewart yalikuwa yakionyeshwa nchi nzima kama mfano wa aibu wa kilimo kibaya, na katika miaka hiyohiyo wako raia wa Georgia waliokuwa wakishinikiza yafanywe hifadhi ya taifa kwa uzuri wake. Hifadhi ya taifa haikupatikana. Ya jimbo ilipatikana mwaka 1971. Naamini pande zote mbili zilikuwa sahihi. Uzuri ule ni wa kweli, na hauondoi ukweli kwamba mashamba yale yalilimwa na watu ambao hawakulipwa, kwenye ardhi ya watu waliofukuzwa, kwa namna ambayo haikuliachia kizazi kilichofuata udongo wa kulima. Mgeni anayekwenda akiwa na habari hiyo kichwani anaona mengi zaidi kwenye ukuta kuliko anayekwenda kupiga picha tu.

Kwa mtu wa Kondoa, Machakos, Lushoto au vilima vya Burundi, ziara hii ina faida nyingine. Sisi tumezoea kuambiwa kwamba mmomonyoko ni tatizo la wakulima maskini wasiosoma, na katika enzi za ukoloni babu zetu walilazimishwa kuchimba matuta kwa amri hadi watu wa Uluguru wakaasi mwaka 1955. Providence inaonyesha kwamba matajiri wa pamba wenye plau, masoko na benki waliiharibu ardhi kwa kina ambacho jembe la mkono halijawahi kukifikia. Mama yangu aliuliza jambo moja tu tulipokuwa tunarudi kwenye gari: "Na hawa, walichimba makingamaji lini?" Nikamwambia kwamba sehemu hii ilikuwa imekwisha kuharibika walipoanza. Akatikisa kichwa, akaomba tumpige picha akiwa na korongo nyuma yake, ili akawaonyeshe majirani zake.

Kwa jumla naipa hifadhi hii alama ya juu, nyota nne na nusu kati ya tano, na ile nusu nimeipunguza kwa sababu ya umbali, ugumu wa kufika sakafuni kwa wasio na nguvu, na upungufu wa huduma za karibu. Nampendekezea hasa mwenye watoto wa umri wa miaka sita na kuendelea, mwenye wazazi waliowahi kulima, mwalimu wa jiografia, na mtu yeyote anayependa kuisoma ardhi. Anayetafuta hoteli, mikahawa na bwawa la kuogelea aende kwingine. Ukitoka Atlanta ondoka saa 10 alfajiri kwa njia ya Columbus, shika barabara namba 27 hadi Lumpkin, kisha ufuate ya 39C upande wa magharibi. Kwa utaratibu huo utafika lango likiwa ndiyo kwanza linafunguliwa, na korongo namba 5 litakuwa bado halina mtu.